Chai ya Viungo, Chai ya Majani: Istilahi za Kinywaji cha Nyumbani

Istilahi hazihitajiwi katika maabara na mahakama peke yake. Jikoni nako kuna istilahi, na aghalabu hizo ndizo zinazosahauliwa, kwa kuwa kila mtu hudhani kwamba anazijua. Mfasiri anayefasiri maelezo ya mtambo akikwama huuliza fundi. Lakini yule anayefasiri maelezo ya kutengeneza chai haoni haja ya kumwuliza mtu yeyote. Kwa sababu hiyo, makosa yanayoingia katika maandishi ya jikoni hukaa humo muda mrefu pasipo kusahihishwa, na msomaji ndiye anayeyalipia.

Makala haya yanachunguza kinywaji kimoja tu. Ni kile kinywaji cha moto kinachotengenezwa nyumbani kwa tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu na mchaichai, pasipo kutiwa majani ya chai, ambacho watu hunywa wakati wa baridi, wakipata mafua, au jioni baada ya chakula. Zamani mapishi yake yalipokezanwa kwa mdomo, mama akimfundisha binti yake huku sufuria likiwa jikoni. Siku hizi kinywaji hicho huuzwa madukani katika pakiti zenye maelezo ya lugha mbili, na hutajwa katika vipeperushi vya afya na vitabu vya maarifa ya nyumbani. Hapo ndipo lugha inapotakiwa kusema kwa usahihi jambo ambalo mkono wa mpishi ulikuwa ukilionyesha bila maneno.

Neno chai

Swali la kwanza ambalo mfasiri hukutana nalo ni hili: je, ni halali kukiita chai kinywaji kisicho na majani ya chai ndani yake?

Neno chai asili yake ni China. Katika safari zake limepita njia mbili. Kwa njia ya bahari, kupitia kwa wafanyabiashara Waholanzi, mataifa ya Ulaya Magharibi yalipata neno lenye matamshi ya te, kutokana na lahaja za pwani ya kusini mashariki ya China. Kwa njia ya nchi kavu, watu wa Uajemi, Bara Hindi na nchi jirani walipata neno lenye matamshi ya cha na chai. Kiswahili kimo katika kundi hili la pili. Katika biashara ya kimataifa neno hilo hutengewa mmea mmoja tu, ambao wataalamu wa mimea huuita Camellia sinensis. Wafaransa, kwa mfano, wana neno jingine, tisane, kwa vinywaji vya mimea mingine.

Wapo, basi, wanaosema kwamba Kiswahili nacho kitafute neno jingine. Maoni yetu ni kwamba hakuna haja. Katika Kiswahili neno chai limekwisha kupanuka kwa nguvu za wasemaji wenyewe. Tunasema chai ya rangi na chai ya maziwa. Tunasema chai ya tangawizi na chai ya mchaichai. Tunasema twende tukanywe chai, tukimaanisha chakula cha asubuhi pamoja na vitafunio vyake. Hata hongo imepewa jina hilo, kama watumishi wa umma wanavyofahamu vyema. Zaidi ya hayo, Kiswahili kina mazoea ya kutaja chakula kwa namna kinavyotengenezwa, kisha kukipambanua kwa jina la kitu kilichotiwa. Uji ni uji, uwe wa mtama, wa ulezi au wa mhogo. Vivyo hivyo chai yaweza kuwa chai ya mchaichai pasipo kumdanganya mtu, mradi jina la mmea litajwe.

Mmea wenyewe wa mchaichai ni ushahidi wa jambo hili. Jina lake limeundwa hapa hapa, kwa kurudia neno chai na kulitia kiambishi cha miti na mimea. Kurudia neno kwa namna hiyo huonyesha mfano au hali inayokaribia kitu: chakula kikiwa majimaji, si kwamba ni maji, bali kinakaribia hali ya maji. Mchaichai, ambao kwa jina la kitaalamu ni Cymbopogon citratus, ni mmea unaotoa kitu mfano wa chai. Waliounda jina hilo walijua tofauti, wakaionyesha kwa sarufi.

Majani, mimea na mitishamba

Ugumu wa kweli huanza mfasiri anapotaka kupambanua aina hii ya chai kwa jumla, bila kutaja mmea mmoja mmoja. Lugha za Ulaya zina neno moja ambalo hukusanya pamoja majani ya kutia katika chakula, mimea ya dawa, na mimea midogo isiyo na shina la mti. Kiswahili hakina neno la jumla namna hiyo, na mfasiri hujikuta akichagua kati ya maneno matatu ambayo hayana maana moja.

La kwanza ni majani. Mtu akiandika chai ya majani, msomaji wa Tanzania au wa Kenya ataelewa kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Kwa maana majani, yakitajwa mbele ya birika, ni majani ya chai ya kawaida. Mwenye nyumba anayemtuma mtoto dukani kununua majani hana haja ya kueleza zaidi.

La pili ni mitishamba. Neno hili limekwisha kufungamana na uganga na tiba. Anayesoma chai ya mitishamba anaelewa kwamba ameuziwa dawa. Hilo si jambo dogo kwa mtumishi wa umma anayekagua maandishi ya pakiti. Tangu mwaka 2002 Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kitu kinachotolewa kwa watu kama dawa hakitazamwi kwa jicho lile lile linalotazama kiburudisho. Mfasiri akiandika mitishamba kwa kutafuta ladha ya neno tu, amekihamisha kinywaji kutoka rafu ya vyakula hadi rafu ya dawa, pasipo mtengenezaji wala mkaguzi kukusudia.

La tatu ni mimea. Neno hili ni pana, lakini halipotoshi. Chai ya mimea haisemi kwamba ni dawa, wala haisemi kwamba ina majani ya chai. Hili ndilo tunalolipendekeza liwe neno la jumla, na mitishamba libaki kwa kinywaji kinachotolewa kama tiba na mtu mwenye idhini ya kutoa tiba.

Viungo vya chakula na viungo vya mwili

Kuna neno jingine linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi, nalo ni viungo. Maana zake mbili zinatokana na kitenzi kimoja, kuunga. Mahali mfupa unapoungana na mfupa pana kiungo. Na mpishi anapouunga mchuzi, kile anachouungia nacho ni kiungo. Katika mazungumzo maana hizi hazigombani, kwa sababu mtu anayelalamika kwamba viungo vinamwuma hawezi kudhaniwa kuwa anasema habari za karafuu.

Katika maandishi mafupi ya pakiti hali si hiyo. Tuchukue mfano wa maneno haya: chai ya viungo yenye kutuliza. Mwandishi alikusudia chai iliyotiwa iliki na mdalasini, yenye kumpa mtu utulivu. Lakini mzee mwenye maumivu ya magoti akiisoma pakiti hiyo, atapata habari tofauti: kwamba hii ni chai ya viungo vyake, nayo hutuliza. Sarufi haimpingi. Kihusishi -a huonyesha kitu kilichomo, kama katika uji wa mtama, na pia huonyesha matumizi, kama katika dawa ya macho. Mzee huyo ataacha labda dawa aliyopewa hospitali, atakunywa chai hiyo asubuhi na jioni, na hakuna atakayeweza kumlaumu kwamba hakusoma vizuri.

Dawa ya kosa hili ni nyepesi. Palipo na nafasi, vitajwe viungo vyenyewe: chai ya tangawizi na mdalasini. Pasipo na nafasi, iandikwe chai yenye viungo, kwa maana -enye huonyesha kilichomo na haiwezi kuonyesha matumizi. Na mahali panapokusudiwa mwili, iandikwe viungo vya mwili au maungo.

Kutuliza nini?

Neno kutuliza nalo lina sheria yake. Katika lugha za Ulaya sifa ya kinywaji chenye kutuliza huweza kusimama peke yake bila kutaja kinachotulizwa. Katika Kiswahili kutuliza ni kitenzi elekezi, kinachodai yambwa. Mtu humtuliza mtoto anayelia, hutuliza ghasia, hutuliza maumivu. Mwandishi asipoitaja yambwa, msomaji ataitafuta mwenyewe, na iliyo karibu zaidi na mazoea yake ni maumivu, kwa kuwa maneno dawa ya kutuliza maumivu ameyasikia mara nyingi.

Hivyo basi, mfasiri hana budi kuuliza: hiki kinatuliza nini? Kama jibu ni koo lenye kukereketa, aandike kinalainisha koo. Kama jibu ni uchovu wa siku, aandike kinaburudisha au kinamfanya mnywaji atulie. Aepuke kupoza, kwa sababu kupoza ni kupunguza moto na pia ni kumponya mgonjwa, na kinywaji kinachonyweka moto kikisemwa kuwa kinapoza, msomaji atachukua ile maana ya pili. Aepuke pia kuliwaza, kwa maana anayeliwazwa ni mtu mwenye huzuni, na kazi hiyo ni ya jamaa na marafiki.

Majina ya viungo vyenyewe

Majina mengi ya viungo yamekuja na jahazi. Karafuu inatokana na qaranful ya Kiarabu. Mdalasini unatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya mti wa China, ambalo lilipita katika Kiarabu. Pilipili manga huitwa hivyo kwa sababu ilikuja kutoka Manga, yaani Uarabuni, ingawa mmea wenyewe ni wa Bara Hindi. Watu waliita kitu kwa jina la bandari iliyokileta. Historia hii yapendeza, lakini mfasiri anahitaji zaidi kujua pale majina yanapochanganya.

Binzari, au bizari, ni mfano. Mahali pengi neno hilo likitajwa peke yake ni ile ya manjano inayotia mchuzi rangi. Lakini kuna binzari nyembamba, ambayo ni mbegu za mmea mwingine kabisa, zenye harufu na ladha tofauti. Maelezo yanayosema tia binzari kidogo hayajasema kitu. Iandikwe binzari ya manjano au binzari nyembamba kila mara.

Iliki ina tatizo la hesabu. Kinachouzwa sokoni ni tunda dogo kavu lenye ganda, na ndani yake mna mbegu nyingi nyeusi. Maelezo yakisema punje tano za iliki, mpishi mmoja atatia matunda matano, na mwingine atatia mbegu tano ambazo hazitabadilisha hata ladha ya kikombe kimoja. Iandikwe iliki nzima 5, pamoja na maganda yake.

Mdalasini una tatizo la aina. Katika matumizi ya kamusi, mti huitwa mdalasini na gome lake dalasini. Katika matumizi ya kila siku neno mdalasini hutumika kwa vyote viwili, na hilo halina madhara. Lenye madhara ni kwamba neno hilo hilo hutumika kwa magome ya miti miwili. Mmoja ni mdalasini wa Sri Lanka, Cinnamomum verum, ambao gome lake ni jembamba, laini, lenye kujikunja tabaka nyingi. Mwingine ni kasia, Cinnamomum cassia, wenye gome nene na gumu linalojikunja mara moja. Kasia ina kumarini nyingi zaidi, kitu ambacho kikizidi chaweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula iliweka kiwango cha miligramu 0.1 za kumarini kwa siku kwa kila kilo moja ya uzito wa mtu. Kikombe kimoja kimoja hakina hofu. Lakini kwa mtu anayekunywa kila siku, majina mawili ni afadhali kuliko moja. Tunapendekeza mdalasini wa Sri Lanka na mdalasini kasia.

Vitenzi vya jikoni

Sehemu inayovurugwa zaidi katika tafsiri ni vitenzi, ilhali hapo ndipo utajiri wa Kiswahili ulipo. Chombo huinjikwa au hutelekwa jikoni, na wengine husema hubandikwa; kisha huepuliwa. Maji huchemshwa mpaka yachemke. Baada ya hapo, yakiachwa na vitu ndani yake kwa moto mdogo, hutokota. Kuchemka ni kufika. Kutokota ni kuendelea. Maelezo yanayosema chemsha dakika 10 hayaonyeshi kama dakika hizo zahesabiwa tangu chombo kiinjikwe au tangu maji yachemke. Maelezo yanayosema yakichemka, punguza moto, acha yatokote dakika 10 hayana utata.

Vivyo hivyo katika kuvunjavunja viungo. Tangawizi huponda, iliki hupasuliwa, nafaka hutwangwa kwa kinu na mchi, na kitu kikitakiwa kuwa unga husagwa. Maelezo yakisema saga iliki wakati inatakiwa kupasuliwa tu, chai itajaa unga usiochujika.

Kitenzi kigumu kuliko vyote ni kile cha kumiminia majani maji ya moto na kuyaacha yatoe ladha yake. Wafasiri wengi huandika loweka. Hili ni kosa. Kinacholowekwa ni maharage, mchele, mihogo au nguo. Hulowekwa muda mrefu, aghalabu katika maji baridi. Msomaji mtiifu atayaloweka majani ya mchaichai usiku kucha, na asubuhi atakuwa na maji yasiyo na harufu. Kuchovya nako hakufai, kwa kuwa anayechovya hutia na kutoa papo hapo.

Neno tunalolihitaji tunalo: kukolea. Chai hukolea, sukari hukolea, chumvi hukolea, na rangi nayo hukolea katika kitambaa. Maana yake ni kwamba kitu kimeingia kwa kiasi chake na kinaonekana au kinaonjwa. Basi iandikwe: miminia maji ya moto, funika, acha ikolee dakika 10. Kwa kazi yenyewe, yaani istilahi ya jina, tunapendekeza ukolezaji.

Tofauti kati ya kutokosa na kukoleza si ya lugha peke yake. Sehemu ngumu za mmea, kama gome la mdalasini na tangawizi, hutoa ladha yake polepole, kwa hiyo hustahimili kutokota. Majani na maua yana mafuta mepesi yenye harufu, ambayo hutoka pamoja na mvuke. Yakitokota muda mrefu bila kifuniko, harufu hujaza nyumba na kikombe hubaki na maji. Ndiyo maana mfasiri anapaswa kutazama sehemu ya mmea kabla ya kuchagua kitenzi.

Hata vyombo vina mipaka yake. Birika ni la kuchemshia maji. Neno hilo huitwa pia hodhi la maji, na msomaji huelewa kwa muktadha. Buli, ambalo tulilipata kwa Wareno, ni la kukolezea na kumiminia, nalo haliinjikwi motoni. Anayeandika weka buli jikoni amemvunjia mtu chombo chake.

Maelezo ya mfano

Ili kuonyesha jinsi maneno haya yanavyofanya kazi pamoja, tunatoa hapa maelezo kamili ya chai ya mimea yenye viungo, kwa watu wanne:

Vitu vinavyohitajika: maji lita 1, tangawizi mbichi kipande cha urefu wa sentimita 3, mdalasini kijiti 1 cha urefu wa kidole, iliki nzima 5, karafuu 3, mchaichai majani 4, asali au sukari kwa kupenda.

1. Kwangua ganda la tangawizi, uikate vipande, uviponde kidogo. Pasua iliki bila kuzimenya.
2. Tia maji, tangawizi, mdalasini, iliki na karafuu katika sufuria. Injika jikoni.
3. Maji yakichemka, punguza moto, funika, acha yatokote dakika 10.
4. Epua. Kata majani ya mchaichai vipande, yatie ndani, funika tena, acha yakolee dakika 5 hadi 10.
5. Chuja, umimine vikombeni. Tia asali au sukari kila mtu kwa kiasi chake.

Tahadhari: Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali. Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe kinywaji hiki kabisa. Ampasaye ni maziwa ya mama. Anayetumia dawa za hospitali aendelee nazo, na amwulize mganga wake kabla ya kunywa chai hii kila siku.

Walimu waweza kuyatumia maelezo haya darasani kwa zoezi jepesi: mwanafunzi aondoe kitenzi kimoja, aweke kingine kinachokaribiana nacho, kisha aeleze mpishi atafanya nini. Atatambua upesi kwamba maneno yanayofanana hayatoi kikombe kinachofanana.

Muhtasari wa mapendekezo

Chai ya mimea: kinywaji cha moto kilichotengenezwa kwa mimea isiyo majani ya chai.
Chai ya mitishamba: kinywaji kinachotolewa kama tiba.
Chai yenye viungo: chai, iwe ya majani au ya mimea, iliyotiwa tangawizi, iliki na vinginevyo.
Kutokosa: kuacha kitu ndani ya maji yanayochemka kwa moto mdogo.
Kukoleza, ukolezaji: kumiminia maji ya moto na kufunika mpaka ladha itoke.
Mdalasini wa Sri Lanka. Mdalasini kasia: magome ya miti miwili tofauti.
Iliki nzima: tunda pamoja na ganda lake.

Haya ni mapendekezo ya kujadiliwa, wala si maamuzi. Wasomaji wa Unguja na Pemba, wa mwambao wa Kenya na wa bara wana maneno yao ya jikoni ambayo pengine ni bora kuliko haya, na yafaa wayalete mezani. Jambo moja tu halina mjadala: anayeshika pakiti au kipeperushi cha afya hana mwandishi karibu wa kumwuliza. Ana maneno peke yake, na kwa maneno hayo atapima, ataamua, na atakunywa.